Baiskeli ya kukunja: Vipimo vinavyookoa magoti katika miinuko ya Karatu

MSAFIRI wa baiskeli anayetoka Mto wa Mbu kwenda Karatu hulazimika kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, kutoka kimo kisichofikia meta 1,000 juu ya usawa wa bahari hadi karibu meta 1,500. Lami iliyofika lango la Lodoare la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliondoa vumbi na mashimo, lakini mlima ulibaki palepale. Ni katika safari ya namna hiyo baiskeli ya kukunja huonyesha faida yake. Mwenye nayo huweza kuikunja chini ya mlima, akaipakia katika basi dogo pamoja na magunia ya watu, kisha akaikunjua Karatu na kuendelea na safari.

Taabu huanzia hapo anapoikunjua. Ili baiskeli hiyo ikunjike, bomba la tandiko (siti, kama waitavyo mafundi) hushushwa hadi chini, na katika aina nyingi nguzo ya usukani nayo hulazwa. Inapofunguliwa, mpandaji hupandisha tandiko kwa kukisia, akakaza na kuondoka. Sentimeta tatu zilizopungua hazitambuliki mtu anapozunguka sokoni, lakini katika miinuko ya Rhotia goti huzihesabu moja baada ya nyingine.

Baiskeli ya kawaida hutengenezwa kwa vimo mbalimbali vya fremu, hivyo mnunuzi aweza kuchagua inayomfaa. Baiskeli ya kukunja, zikiwamo zile za Brompton za Uingereza na nyingi za kampuni ya Dahon iliyoanzishwa mwaka 1982, huwa na fremu ya kimo kimoja na magurudumu madogo, aghalabu ya inchi 16 au 20. Mtu mfupi na mtu mrefu hupanda fremu ileile, na kinachowatofautisha ni urefu wa bomba lililochomoza. Kwa sababu hiyo marekebisho ambayo kwa baiskeli ya inchi 28 hufanywa mara moja na kusahauliwa, kwa hii ni kazi ya kila safari.

Kosa lililoenea kuliko yote ni tandiko kuwa chini mno. Chanzo chake ni imani kwamba mpandaji aliyeketi lazima aguse ardhi kwa nyayo zote mbili, la sivyo ataanguka. Imani hiyo humfaa anayejifunza na asiye na uhakika wa breki zake. Kwa mwendo wa kilometa nyingi ina madhara, kwa kuwa goti hubaki limekunjwa kupita kiasi wakati wote linaposukuma, na mzigo wote huangukia mbele ya goti. Mpandaji aliyerekebisha tandiko lake sawasawa hugusa ardhi kwa ncha za vidole tu, au hushuka kabisa kwenye tandiko anaposimama. Haina ajabu, ndivyo inavyotakiwa.

Njia nyepesi ya kupata kimo hicho haihitaji kifaa. Mpandaji huegemea ukuta au kushikiliwa na mwenzake, akaketi sawasawa akiwa na viatu anavyovaa safarini, kisha akaweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Akisogeza mguu hadi sehemu pana ya unyayo, chini kidogo ya vidole, ikae juu ya pedeli, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo mahali pake.

Anayependa hesabu anayo njia ya pili. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mwendeshaji hutoa nguvu vizuri zaidi pale umbali kutoka pedeli iliyo chini hadi juu ya tandiko unapokuwa asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa ndani. Urefu huo hupimwa mtu akiwa peku, mgongo ukutani, kitabu kikibanwa juu kati ya mapaja, kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Mwenye sentimeta 80 atahitaji takriban 87. Kipimo hiki ni cha kuanzia tu. Baada yake mwili wenyewe ndio husema: maumivu mbele ya goti mara nyingi huashiria tandiko lililo chini au lililosogezwa mbele mno, ilhali maumivu nyuma ya goti, au nyonga kuyumba kushoto na kulia, huashiria lililo juu kupita kiasi. Marekebisho yafanywe kwa nusu sentimeta kila mara, kisha baiskeli iendeshwe kwanza.

Tandiko pia husogezwa mbele na nyuma kwa kulegeza nati iliyo chini yake. Mikono ya pedeli ikiwa imelala sawa na ardhi, uzi wenye nati uliofungwa mbele ya goti la mguu wa mbele unapaswa kuning'inia karibu na ekseli ya pedeli. Juu yake, tandiko lilale bapa. Wengi huinamisha pua ya tandiko ili kupunguza maumivu ya kukaa, wakaishia kuteleza mbele na kuubeba mwili kwa viganja, hadi vidole vikafa ganzi. Usukani ulio mbali au chini mno huleta ganzi hiyohiyo pamoja na maumivu ya shingo. Mahali ambapo nguzo ya usukani haipandishwi wala kushushwa, na baiskeli nyingi za kukunja ziko hivyo, dawa iliyobaki ni kuzungusha usukani kidogo kumwelekea mpandaji au kuufungia mwingine ulioinuka zaidi.

Kipimo kikishapatikana, kihifadhiwe. Utepe wa rangi uliozungushwa kwenye bomba la tandiko, au mkwaruzo mdogo wa msumari, hurudisha kimo kilekile katika muda wa kukaza wenzo. Utepe ni bora, kwani hauumizi bomba na huhamishika viatu vikibadilika.

Kuna alama nyingine ambayo haipaswi kuguswa. Kila bomba la tandiko lina mstari wa kikomo uliochongwa kiwandani, na mstari huo lazima ubaki ndani ya fremu. Mtu mrefu anayeuvusha ili apate kimo hujipa starehe ya muda mfupi, kwa sababu bomba lililoshikwa kwa sentimeta chache huweza kupinda au kuvunja fremu. Hana budi kutafuta bomba refu zaidi la unene uleule. Hali kadhalika, bawaba za fremu na za usukani zikaguliwe kila baiskeli inapokunjuliwa: komeo lifunge kabisa, kisha mpandaji ashike breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma. Kikitikisika kitu, asipande.

Magurudumu madogo hutumbukia katika shimo ambalo gurudumu la inchi 28 lingelivuka, kwa hiyo upepo nao ni sehemu ya starehe. Kikomo cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Katika lami mpandaji aweza kukaribia hapo, na katika njia za udongo mwekundu za vijijini apunguze kiasi.

Kurudi ndiko kunakohitaji tahadhari zaidi. Katika mteremko wa kuelekea Mto wa Mbu, breki zinazobana ringi huzipasha moto, na ringi ndogo hupata moto upesi kuliko kubwa. Breki zishikwe na kuachiwa kwa zamu badala ya kung'ang'aniwa mfululizo, na raba zake zitazamwe kabla ya safari. Wapo wanaoshusha tandiko sentimeta mbili au tatu kabla ya kuteremka ili wawe thabiti zaidi. Wanaruhusiwa, mradi utepe wa rangi uko mahali pake watakapoanza tena kukanyaga katika tambarare.