Miale ya infraredi na upimaji wa saratani ya tezi dume

Mwanamume wa mtaa wa Pioneer, mjini Eldoret, anayeambiwa kuwa ana saratani ya tezi dume hubaki na swali jingine zito: je, ni saratani ya pole au ni ile kali? Jibu ndilo huamua kama atapasuliwa, atapewa tiba ya mionzi au atafuatiliwa tu na madaktari.

Kipimo cha damu cha PSA hakiwezi kulijibu, kwani kiwango chake hupanda hata tezi ikivimba kwa uzee au ikiambukizwa. Ni lazima vipande vya tezi vichomolewe kwa sindano, vitiwe rangi na kutazamwa kwa hadubini. Hospitali kubwa ya karibu kwa mkazi huyo ni ile ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Mwanapatholojia hutoa alama za Gleason, utaratibu uliobuniwa na Mmarekani Donald Gleason katika miaka ya 1960. Siku hizi saratani hupewa alama 6 hadi 10. Lakini jicho la binadamu ni jicho tu. Wataalamu wawili wanaweza kutazama kipande kimoja na kutofautiana, mmoja akisema 6 na mwenzake 7, na hapo ndipo matibabu yanapoweza kubadilika.

Mbinu ya infraredi hutafuta kemia badala ya sura. Miale hiyo isiyoonekana, iliyogunduliwa na William Herschel mwaka 1800, hufyonzwa na protini, mafuta, glikojeni na DNA, kila kimoja kwa masafa yake. Mashine huchora vilele, na kompyuta huvilinganisha na vya tishu zilizokwisha kutambuliwa. Rangi haihitajiki. Hata hivyo kioo cha kawaida hakifai, maana chenyewe hufyonza miale; tishu hulazwa juu ya vioo maalumu, kama vya floridi ya bariamu, na hukaushwa kwa sababu maji nayo huvuruga kipimo.

Mwaka 2003 watafiti wa Manchester, Uingereza, walilinganisha kilele cha glikojeni na cha fosfati ili kutenganisha tishu zenye saratani na zisizo nayo. Baadaye walihusisha michoro hiyo na alama za Gleason.

Mbinu hii bado ni ya maabara za utafiti zaidi kuliko ya wodi. Kwa sasa, mgonjwa anayetilia shaka alama yake anaweza kuomba vipande vyake visomwe na mwanapatholojia wa pili.