Mzee anapobadilika akili: Njia ya kumfikia daktari bingwa kutoka Sigalagala

MZEE anaposahau jina la mwanawe na kuzozana na watu wasiokuwepo chumbani, aghalabu jamaa hugawanyika. Wapo wanaosema ni uzee, wapo wanaosema amerogwa. Mabishano hayo hula miezi.

Kwa wakazi wa Sigalagala, kaunti ya Kakamega, pa kuanzia si mbali. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini Kakamega, kwenye barabara hiyo hiyo itokayo Kisumu. Wanaohitaji uchunguzi wa kina huweza kuelekezwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, au Mathari, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1910.

Swali la kwanza la daktari huwa ni lini mabadiliko yalianza, na wengi hufika bila jibu. Aliyebadilika kwa saa au siku chache huenda ana malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo au sukari iliyoshuka. Huyo ni mgonjwa wa dharura, asingojee siku ya kliniki. Aliyeanguka wiki kadhaa zilizopita huenda damu imevilia na kuukandamiza ubongo. Aliyedidimia polepole kwa miaka yamkini ana dimenshia, ambayo aina yake iliyoenea zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer. Hata hapo damu ipimwe kwanza: upungufu wa vitamini B12, udhaifu wa tezi ya shingo, kaswende na virusi vya Ukimwi huvuruga akili, na vyote vina matibabu. Sonona nayo humfanya mtu aonekane msahaulifu.

Jamaa anayeishi na mgonjwa ndiye aandamane naye, wala si yule mwenye nauli tu. Abebe dawa zote, mitishamba ikiwemo, na aombe kuzungumza na daktari kando. Kumsuta mzee mbele ya wageni ni kumvunjia heshima.

Dawa za kutuliza zisiazimwe kwa jirani. Baadhi ya wanaoona vitu visivyokuwepo huku viungo vikikakamaa huwa na aina ya dimenshia ambayo dawa hizo huizidisha, hata kuhatarisha maisha.

Mgonjwa akikataa katakata kwenda, Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, inamruhusu jamaa kuwasilisha ombi alazwe, mradi wahudumu wa afya wathibitishe kwamba hali yake inahitaji hivyo.