Omeka: neno la Kiswahili katika historia ya maonyesho ya mtandaoni

Msomaji wa kurasa hizi huenda akashangaa kuambiwa kwamba mojawapo ya programu mashuhuri ambazo majumba madogo ya makumbusho huzitumia kuandalia maonyesho mtandaoni ina jina la Kiswahili. Inaitwa Omeka. Haikuzaliwa Zanzibar wala Lubumbashi. Ilizaliwa Virginia, nchini Marekani, katika Chuo Kikuu cha George Mason, na ilitolewa kwa umma mwaka 2008. Waundaji wake wamelieleza neno hilo kwa maana kadhaa: kutandaza bidhaa ili zionekane, kusema waziwazi, kueneza, na kufungua mizigo. Kwetu si neno la kila siku. Lakini picha yake tunaijua barabara: ni mchuuzi wa soko la Kenya, mjini Lubumbashi, anayefungua mzigo wake asubuhi na kuupanga juu ya turubai. Mchuuzi huyo hatandazi asichokijua hesabu yake, na hapo ndipo ilipo hoja ya makala haya.

Kituo kilichounda Omeka kilianzishwa mwaka 1994 na mwanahistoria Roy Rosenzweig. Baada ya mashambulio ya Septemba 2001, kituo hicho kilishiriki kukusanya kumbukumbu, picha na barua za watu wa kawaida. Baada ya tufani ya mwaka 2005 kule New Orleans, kilifanya kazi ya namna hiyo tena. Kutokana na kazi hizo lilikomaa wazo la chombo kimoja ambacho hata taasisi isiyo na mtaalamu wa kompyuta ingeweza kukitumia. Rosenzweig alifariki Oktoba 2007, miezi michache tu kabla chombo hicho hakijatoka.

Ili tuthamini badiliko hilo, yatupasa tukumbuke hali iliyotangulia. Katika miaka ya 1990, onyesho la mtandaoni kwa kawaida lilitengenezwa ukurasa kwa ukurasa: picha na maelezo yake vilifungwa pamoja, na aliyetaka kusahihisha tarehe moja alilazimika kuitafuta kila mahali ilipoandikwa. Omeka ilivitenga vitu na maonyesho. Kila kitu kina kumbukumbu yake. Onyesho huja baadaye, likiviita vitu na kuvipanga. Msalaba mmoja wa shaba waweza kuonekana katika onyesho la biashara na katika onyesho la mazishi, na maelezo yake yameandikwa mara moja tu.

Maelezo hayo hufuata vipengele 15 vya Dublin Core, vilivyotokana na mkutano wa mwaka 1995 mjini Dublin (ule wa jimbo la Ohio, si wa Ireland): jina, mtengenezaji, tarehe, mada, haki na vinginevyo. Kipengele chaweza kurudiwa, kwa hiyo kitu kimoja chaweza kuwa na jina la Kiluba, la Kiswahili na la Kifaransa, bila mojawapo kulifukuza jingine. Kwa mtunzaji wa makumbusho ya Kongo jambo hilo si dogo, kwa kuwa vitu vyetu vingi viliingia katika vitabu vya wengine kwa majina ya wengine.

Kati ya miaka 1976 na 1982, makumbusho ya Tervuren, nchini Ubelgiji, yaliikabidhi Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ya Zaire vitu 114. Katika misukosuko ya miaka ya 1990 vingi viliporwa, na baadhi vilionekana baadaye katika biashara ya sanaa huko Ulaya. Anayedai kilichoibiwa huulizwa kwanza picha, vipimo na namba. Asiye navyo hana la kujibu. Februari 2022, waziri mkuu wa Ubelgiji alimkabidhi mwenzake wa Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vya Kongo vilivyomo Tervuren. Orodha ilitangulia, vitu vyenyewe vilibaki kule vilikokuwa.

Je, kila kitu kitandazwe? Lukasa, ubao wa Waluba wenye shanga na michoro, ulisomwa na watu wa chama cha mbudye waliofundishwa kuusoma, si na kila mpita njia. Katika Omeka kila kumbukumbu ina alama ya kuiweka hadharani. Isipotiwa, humwonekea tu mfanyakazi aliyeruhusiwa kuingia. Ni alama ndogo sana, lakini uamuzi wake si wa fundi. Ni wa mtunzaji pamoja na wenye kitu.

Kuisimika programu yenyewe hakuchukui muda mrefu. Ni ya bure, nayo huhitaji seva yenye PHP na hazina ya data ya MySQL. Jumba lisilo na seva lingeweza, tangu mwaka 2010, kukodi nafasi Omeka.net. Picha kubwa ikiingizwa, programu hutengeneza nakala ndogo ambazo mgeni mwenye mtandao hafifu hufunguliwa kwanza. Kazi ndefu imo ghalani: kukipima kitu, kukipiga picha, kumwuliza mzee jina lake. Hayo yaweza kuandikwa katika jedwali la kawaida kwenye kompyuta isiyo na mtandao, hata siku umeme unapokuja kwa saa mbili tu, kisha jedwali zima likaingizwa kwa mara moja. Jumba lenye vitu mia tatu laweza kuanza na safu nne: namba, jina, vipimo, mahali kilikotoka.