Aliyemrekebisha mpanda kabla ya farasi

Ndugu mfugaji, mnyama akigoma kazi, wengi wetu tunaanza na fimbo. Leo nakuletea historia fupi ya farasi, maana inakuhusu hata wewe mwenye punda wa kubeba maji.

Mwishoni mwa karne ya 19, askari wa farasi wa Ulaya waliruka vizuizi wakiwa wameegemea nyuma, miguu wameitanguliza, hatamu wamezivuta. Waliamini wanamsaidia farasi atue kwa miguu ya nyuma. Kumbe uzito wao ulimshukia mgongoni, na lijamu ikamuumiza mdomo. Farasi akazoea kwamba kuruka ni maumivu. Akifika kwenye kizuizi anakimbia kwa hofu au anasimama ghafla, naye anaitwa mkaidi.

Afisa wa jeshi la Italia, Federico Caprilli, aliyezaliwa 1868, aliwatazama farasi wakiruka bila mtu mgongoni. Aliona wananyoosha shingo, wanakunja mgongo, kisha wanatua kwa miguu ya mbele. Basi akaanza kumrekebisha mpanda. Alifupisha vikuku, akainua makalio kidogo kutoka kwenye tandiko, akainamisha kiwiliwili mbele, na mikono ikaufuata mdomo wa farasi.

Faida ilianza kuonekana hata kabla ya kuruka. Farasi akienda mbio za wastani, zile za mishindo mitatu, mgongo ukiwa huru hatua zake hulingana. Hafiki kwenye kizuizi akiwa amekakamaa, na humsikiliza mpanda bila kuvutana naye.

Mwaka 1902, mjini Torino, Caprilli alimrusha farasi wake Melopo mita 2.08. Alifariki 1907, lakini maofisa wa nchi nyingine walikwenda Italia, katika chuo cha Pinerolo, kujifunza mtindo huo. Hadi leo warukaji wa farasi hukaa hivyo.

Sasa, kabla hujashika fimbo, kagua mambo haya:

1. Mdomo na uso: je, kuna kidonda cha lijamu au kamba?
2. Mgongo na mabega: je, tandiko au nira inachubua?
3. Mkokoteni: je, mzigo umeelemea mbele au nyuma?

Jioni hii ukimfungua punda wako, pitisha kiganja mgongoni taratibu. Akishtuka, usimfunge kazini kesho. Mtibu kwanza, kisha rekebisha tandiko.