Tairi kubwa si nguvu: piga hesabu ya gia kwanza



Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia na malalamiko. "Mjomba, gari imekufa nguvu. Napanda kutoka feri pale Likoni maji yamekupwa, nakanyaga mafuta mpaka mwisho, yajikokota tu na klachi yanuka." Siku hiyo alikuwa amempakia mamake, shangazi zake wawili na mizigo ya harusi. Nusura irudi kinyumenyume iigonge gari iliyokuwa nyuma yake. Fundi mmoja alishamwambia injini imechoka, ifunguliwe.

Nikamuuliza: umebadilisha nini? Akacheka. Alikuwa ametoa tairi za 175/70 R13 akatia 185/70 R14, ili gari isimame juu.

Injini haikuwa na kosa. Tuangalie hesabu.

Injini huzunguka mbio, lakini nguvu yake ya kuzungusha ni ndogo. Kazi ya gia ni kupunguza mbio na kuongeza nguvu. Tuchukue gari ambayo gia ya kwanza ni 3.5 na difu ni 4.1. Ukizidisha unapata 14.35. Yaani injini izunguke mara 14 na kidogo ndipo tairi izunguke mara moja, na nguvu huongezeka kwa kiasi hicho hicho, ukitoa inayopotea njiani. Gia ya tano ikiwa 0.85, jumla ni takriban 3.5 tu: nguvu haba, mwendo mwingi.

Sasa tairi. Katika 175/70 R13, 175 ni upana kwa milimita, 70 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 13 ni inchi za rimu. Ubavu ni milimita 122.5; mara mbili ni 245. Ongeza rimu, milimita 330. Jumla ni 575 kutoka juu hadi chini. Ile 185/70 R14 yafika 615. Tofauti ni kama asilimia 7.

Kwa hivyo difu ya 4.1 sasa yafanya kazi kama ya 3.84, na hakuna aliyeigusa. Wahenga walisema, ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Madhara yake ni haya:

Kwanza, kuondoka na kupanda mlima huwa kuzito. Dereva hushikilia nusu klachi, nayo huungua.

Pili, spidomita hudanganya. Ikisoma 80, mwendo wa kweli ni zaidi ya 85. Ndugu zangu wa matatu, mpaka wenu kisheria ni 80, na kamera ya polisi haisomi dashibodi yako.

Tatu, kilomita pia hupungua kwenye hesabu. Ukidhani umekwenda 5,000 tangu ubadilishe oili, umekwenda kama 5,340.

Nne, breki ni zile zile, lakini tairi kubwa yataka nguvu zaidi kusimamishwa. Hili ndilo la kuogopewa.

Tairi ndogo kuliko ya asili hufanya kinyume. Gari huchomoka upesi, lakini ukishika barabara ya Voi injini yapiga kelele na mafuta yaenda.

Kabla ya kununua, fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kwenye nguzo. Saizi ya kiwandani huandikwa hapo. Ukitaka rimu kubwa, chagua tairi yenye ubavu mfupi ili kimo kibaki karibu na kile kile. Kwa mfano, 185/60 R14 ni milimita 578, karibu sawa na ile ya mwanzo. Kisha hakikisha inabeba uzito unaotakiwa na haikwaruzi bodi ukikata kona.

Mpwa wangu amerudisha tairi zake za zamani na feri apanda bila taabu. Klachi mpya, hata hivyo, ilibidi ainunue.

Tukutane wiki ijayo, insha'Allah.