Magofu ya Pwani na Watoto Wadogo: Yapi Yaachwe, na kwa Nini

Sehemu kubwa ya magofu yanayotembelewa leo katika pwani ya Kenya na Tanzania ilifukuliwa katikati ya karne ya 20. Gede, karibu na Malindi, ilitangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa kisheria mwaka 1927, na mwaka 1948 James Kirkman akaanza kuichimba, kazi iliyomchukua miaka kumi. Kirkman huyo huyo ndiye aliyesimamia Fort Jesus ya Mombasa ilipogeuzwa makumbusho na kufunguliwa mwaka 1960. Kusini zaidi, Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960. Wanaakiolojia hao walikuwa na maswali yao: mji ulianza lini, ulifanya biashara na nani, msikiti uliongezwa mara ngapi. Njia za wageni, vibao na kabati za vioo zilipangwa kufuata maswali hayo. Swali la mtoto wa miaka mitano, yaani watu hapa walilala wapi na walikula nini, halikutangulizwa, ingawa baadhi ya magofu yanalijibu vizuri kuliko vitabu.

Ndiyo maana ukubwa wa mahali katika vitabu vya historia haumsaidii sana mzazi mwenye siku chache na watoto wadogo. Kuna magofu yenye sifa duniani kote ambamo mtoto hataona ila mawe na jua, na kuna ya kawaida tu ambayo atayakumbuka. Tofauti inatokana na jinsi kila mahali palivyojengwa, palivyohamwa na palivyohifadhiwa, kwa hiyo kuchagua pa kuacha kunahitaji kuijua historia ya kila mahali.

Gede ni mfano wa mahali pasipofaa kuachwa. Mji huu ulikaliwa tangu karne ya 12 hivi, ukastawi katika karne ya 15, kisha ukahamwa katika karne ya 17. Sababu zinazotajwa ni kupungua kwa maji ya visima na kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini, lakini neno la mwisho halijasemwa. Msitu uliumeza mji, na msitu huo ndio unaowafaa watoto leo, kwa kuwa magofu yako kivulini, chini ya miti mikubwa na mibuyu, na kima wanaruka juu ya kuta. Kima hao wamezoea watu na hunyakua ndizi mkononi, kwa hiyo chakula kibaki mkobani.

Kilichoipa Gede thamani ya pekee kwa watoto ni uamuzi wa Kirkman wa kuzipa nyumba majina kutokana na vitu vilivyopatikana ndani yake. Ipo Nyumba ya Mkasi, ipo Nyumba ya Kauri, ipo Nyumba ya Taa ya Chuma, na nyumba nyingine imeitwa kwa sarafu za Kichina. Mtoto asiyeweza kuishika dhana ya karne ya 15 anaishika bila shida habari ya mtu aliyesahau mkasi wake. Vyumba vyenyewe vinasomeka: sebule, chumba cha ndani, ghala, choo cha shimo. Vyote ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo haziwezi kuvuka upana unaozidi mita tatu hivi. Mtoto anaweza kuupima upana huo kwa hatua zake, na akifika Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja atakuta nyumba zinazokaliwa hadi sasa zikifuata kipimo kile kile.

Hata ndani ya Gede pana vya kurukwa. Waongozaji wengi huanzia kwenye kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Kwa mtaalamu kaburi hilo ni hazina, maana ndilo lenye tarehe iliyo wazi ya kuushikia umri wa mji. Kwa mtoto ni ukuta wenye mikwaruzo. Afadhali familia ikaingia moja kwa moja kwenye Kasri na nyumba zilizo nyuma yake wakati miguu ya watoto bado ina nguvu, kisha, nguvu zikibaki, iuone Msikiti Mkuu na kisima chake. Visima vya Gede ni virefu sana, na mtoto hapaswi kuvikaribia bila kushikwa mkono. Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza Gede katika orodha ya urithi wa dunia, na hapana shaka wageni wataongezeka; asubuhi na mapema ndio wakati mzuri.

Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, ni mahali padogo pa aina hiyo hiyo: nyumba na misikiti ya karne ya 14 na 15, mibuyu, na ufuo hatua chache kutoka ukutani. Familia iliyokwisha kuona Gede haitajifunza mengi mapya hapo, na familia inayokaa Mombasa isiyoweza kufika Gede inapata karibu kila kitu kwa safari fupi.

Huko Lamu, mji wenyewe unapita makumbusho yake. Punda wanaobeba mchanga na matofali katika vichochoro, baraza za mawe nje ya milango, majahazi gatini: mtoto anaona mji wa kale ukifanya kazi. Ngome ya Lamu, iliyomalizwa mwaka 1821, inaweza kutazamwa kwa nje na kuachwa. Takwa, katika kisiwa cha Manda, nayo iachwe. Njia yake ni mkondo unaopita katikati ya mikoko, na mashua huingia maji yakijaa tu. Anayechelewa kurudi hungoja maji. Mtu mzima anaweza kufurahia kungoja huko, lakini si mtoto wa miaka minne mwenye njaa.

Fort Jesus inahitaji uamuzi wa namna nyingine, kwa sababu haiwezekani kuiona yote wala haifai kuiacha yote. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milan, wakaichonga sehemu katika mwamba wa matumbawe wenyewe. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 jeshi la Oman liliizingira, na waliokuwa ndani walikufa kwa njaa na maradhi zaidi ya vita. Kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya gereza. Kwa mtoto, ngome hii ni mizinga, handaki, lango zito na kuta ndefu za kutazamia bahari, na hivyo vinatosha. Vyumba vya makumbusho, vyenye safu za vyungu na kaure na mabaki ya merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama karibu na ngome mwaka 1697, vinamtaka mgeni asimame na kusoma. Ni vya kurudiwa miaka kadhaa baadaye. Uwanja wa katikati huwaka jua adhuhuri, na kwenye kuta za juu mtoto lazima ashikwe.

Jambo gumu kuliko yote ni mahali pa kumbukumbu ya utumwa. Soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, lilifungwa mwezi Juni 1873, Sultani Sayyid Barghash alipotia saini mkataba na Uingereza. Mwishoni mwa mwaka huo huo misheni ya Kianglikana iliweka jiwe la msingi la kanisa kuu katika uwanja wa soko. Askofu Edward Steere, ambaye pia ni mmoja wa walioiandikia lugha ya Kiswahili sarufi ya mapema, alisimamia ujenzi, na alipofariki mwaka 1882 alizikwa nyuma ya altare. Inaelezwa kwamba altare hiyo inasimama palipokuwa na nguzo ya kuchapia watumwa.

Wageni wengi huja Mkunazini kwa ajili ya vyumba viwili vya chini ya ardhi, vifupi na vyenye giza, ambavyo huambiwa kuwa watu walifungiwa humo kabla ya kuuzwa. Hivyo viachwe na kila familia yenye watoto wadogo. Sababu ya kwanza ni ya mtoto mwenyewe: kuingizwa gizani na kusimuliwa habari za watu waliokufa kwa kukosa hewa humtia hofu bila kumpa maarifa, maana bado hana historia ya kuiweka habari hiyo mahali pake. Sababu ya pili ni ya ukweli. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaoona kwamba vyumba hivyo vilikuwa sehemu ya jengo hilo. Utumwa wa Unguja una ushahidi mwingi usio na shaka. Hauhitaji kuthibitishwa kwa chumba chenye ubishi, tena mbele ya mtoto atakayekiamini maisha yake yote.

Nje ya kanisa ipo sanamu iliyochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998: watu watano wamesimama shimoni, minyororo shingoni. Kazi hiyo ni nzito na ya heshima. Mtoto wa miaka minane au tisa anaweza kuitazama akiwa na mzazi aliye tayari kujibu maswali kwa utulivu. Aliye mdogo zaidi angoje. Chumba cha Mangapwani, kilichochimbwa katika mwamba ili kuficha watumwa baada ya biashara kupigwa marufuku, na mapango ya Shimoni kusini mwa Mombasa, yote yana giza, na habari zake ni za uchungu ule ule. Yaachwe pamoja na vile vyumba.

Kuyaacha si kuwaficha watoto habari ya utumwa. Wengi wa waliouzwa katika karne ya 19 walikuwa watoto, na historia yao ina mahali pengine pa kuanzia. Bagamoyo ndipo pafaapo kuliko popote. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliokuwa Unguja tangu 1863, walihamia huko mwaka 1868 na kuanzisha makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao walisomeshwa, wakafundishwa kazi za mikono na kilimo, na walipokua wakaoana na kupewa makazi karibu na misheni. Mtu anaweza kuuliza maswali mazito juu ya maisha hayo, ambayo hayakuwa huru kwa kila hali, lakini mtoto anayesikia kwanza habari za watoto waliotoka katika minyororo anaweza kuuliza mwenyewe jinsi walivyoingia. Katika uwanja wa misheni upo mbuyu mkubwa uliopandwa katika miaka hiyo ya mwanzo, na ndani ya shina lake kuna mnyororo ambao mti umeumeza. Mnyororo huo ulifungwa kwa ajili ya punda, si kwa ajili ya mtu, na ni vema mtoto aambiwe hivyo.

Kaole, kilomita chache kusini mwa Bagamoyo, ni padogo na panatembeleka haraka: misikiti miwili na makaburi ya nguzo, mojawapo ya nguzo hizo ikiwa imepachikwa mabakuli ya Kichina. Mjini Bagamoyo kwenyewe, mnara wa mahali Wajerumani walipowanyongea watu baada ya vita vya Abushiri dhidi yao upitwe bila kusimama.

Mjini Unguja, Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883 na ambalo lilikuwa la kwanza mjini kupata taa za umeme, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Ni la kutazamwa kwa mbali kutoka Forodhani, ambako watoto wana nafasi ya kukimbia. Magofu ya Maruhubi, kasri la Barghash lililoungua mwaka 1899, yamebakiwa na nguzo tu na hayana budi kuachwa pale muda unapobana. Changuu ndicho kisiwa cha watoto. Gereza lililojengwa huko mwaka 1893 halikutumika kama gereza. Kisiwa kiligeuzwa karantini ya wasafiri. Kobe wakubwa waliopelekwa huko kutoka Shelisheli mwaka 1919 wamezaana, na mtoto anamlisha mboga mnyama ambaye huenda ana umri mkubwa kuliko babu yake.

Imebaki Kilwa Kisiwani, na hapa ushauri wa kuacha unauma. Hakuna mji wa kale wa Waswahili ulioipita Kilwa kwa fahari. Ulishika biashara ya dhahabu ya Sofala, ukafua sarafu zake wenyewe, na msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Msikiti wake mkuu, wenye kuba na safu za matao, uliongezwa sana katika karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyejenga pia Husuni Kubwa, kasri la vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane juu ya genge la bahari. Wareno waliupora mji mwaka 1505. Lakini kilichobaki ni kuta zisizo na mapaa, zilizotawanyika kisiwani. Msafiri hutoka Dar es Salaam mwendo wa kilomita 300 hivi, huvuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, kisha hutembea juani zaidi ya kilomita moja kutoka msikitini hadi Husuni Kubwa. Utukufu wa mahali hapo unaonekana na yule tu aliyekwisha kujua nini kilichokuwapo. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi hivi Kilwa ingoje, hadi atakapokuwa amesoma darasani habari za dola za pwani na aweze kuijaza picha mwenyewe. Familia ambayo iko Kilwa Masoko kwa sababu nyingine, na haipendi kuondoka bila kuvuka, inaweza kuuona Msikiti Mkuu na ngome iitwayo Gereza, iliyo karibu na mahali pa kushukia, iiache Husuni Kubwa, na irudi Masoko kabla ya jua la saa sita.