Fonti 14 Ambazo PDF Haikuzibeba

Adobe ilipoitoa PDF mwaka 1993, ahadi ilikuwa kubwa: waraka uonekane vilevile kwenye kila kompyuta. Palikuwa na mwanya, hata hivyo. Fonti 14 za msingi, zikiwemo Times, Helvetica na Courier, hazikulazimika kuwekwa ndani ya faili. Kompyuta ya msomaji ilitarajiwa kuwa nazo.

Watumiaji wengi wa Linux hawakuwa nazo zote. Derek Noonburg alitoa Xpdf, programu ya kusoma PDF, mwaka 1995, na mwaka uliofuata URW++ ya Hamburg, Ujerumani, ikaachia fonti 35 kwa leseni huria, kwa ajili ya Ghostscript, programu ya kuchakata PostScript na PDF. Mojawapo, Nimbus Sans, ikashika nafasi ya Helvetica. Ustadi ulikuwa kwenye vipimo: upana wa herufi ulilingana na wa fonti asilia, hivyo mistari haikupandana.

Kwa miaka kadhaa Xpdf ilidai kuelekezwa. Mtumiaji aliandika kwa mkono, katika faili la xpdfrc, mahali fonti zilipo. Akikosea, maneno hayakuonekana sawasawa. Wasomaji wa Kichina na Kijapani walipakua vifurushi vya lugha kando. Kazi ya kuchosha, ingawa ilimlazimisha mtu kuijua mashine yake.

Poppler, maktaba ya programu iliyochipuka kutoka Xpdf 3.0 mwaka 2005, iliikabidhi Fontconfig, mfumo wa kutafuta fonti kwenye kompyuta, kazi hiyo ya kutafuta fonti, na programu za kusoma PDF zinazoitumia, Evince na Okular, zikanufaika. Fontconfig nayo hukisia, na mara nyingine hukisia vibaya. Ndiyo maana mafundi huanza na amri ya pdffonts, inayoorodhesha fonti za PDF: safu ya “emb” ikionyesha “no”, fonti haimo ndani ya faili, na herufi zinazoonekana ni za kuazima.